Marehemu Yuko Guangzhou

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimegundua kazi yangu halisi. Miaka yote hii nauza mapazia Kariakoo, kumbe mimi ni mtu wa filamu!

Asubuhi dukani aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa fulana nyeusi na raba, akataka mapazia ya sebule ya tajiri. Nikamuuliza tajiri yupi. Akasema tajiri wa kwenye tamthilia. Anaitwa Theopista, mwongozaji. Kabla sijafunga mdomo, Anaeli alisharuka kaunta na kumwambia kwamba yeye pia ni mwigizaji.

Anaeli ni binamu yangu na tunauza pamoja kwenye duka la kaka yangu, Aaron. Mwaka jana alionekana kwenye tamthilia kama abiria wa basi. Lilionekana bega. Tangu siku hiyo anavaa miwani myeusi humu dukani na hatofautishi tena pazia la rangi ya damu ya mzee na la kahawia.

Sasa jambo lenyewe. Kaka Aaron yuko Guangzhou, Uchina, anafunga mzigo, anarudi Jumamosi. Akirudi atatoa funguo za duka jipya kwa mmoja wetu, mimi au Anaeli. Alisema mwenyewe wakati anaondoka kwamba anataka mtu mwenye akili ya kuendesha kitu. Nina wiki hii tu ya kuonyesha akili hiyo. Anaeli akampunguzia Theopista bei. Mimi nikamwazima mapazia bure kabisa, kwa sharti anifundishe filamu inavyotengenezwa. Anaeli alivua miwani kwa mshangao.

Jumanne, 3 Septemba

Siku nzima kwenye seti, ghorofani, karibu na soko. Maajabu matupu.

Mama tajiri alikunywa chai ileile tangu asubuhi. Anakunywa, wanasimamisha, wanamjazia, anakunywa tena. Feni imezimwa kwa sababu ya maiki. Kila mara machinga akipita chini na spika yake ya kutangaza soksi, watu wote wanaganda mpaka apite. Mchana mume wa yule mama alifariki. Jioni akaposwa naye. Nikamuuliza Theopista kama kuna uchawi humu. Akanieleza kwa upole kwamba wanapiga picha kwa kufuata mahali, si kwa kufuata hadithi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nikauliza mkubwa hapa ni nani. Akasema ni mtayarishaji. Nikauliza kazi yake.

“Mtayarishaji ni mtu anayepata vitu,” alisema. “Ukimwambia leta tembo, haulizi tembo wa nini.”

Nikaitazama mikono yangu. Hii ni mikono ya kupata vitu! Nikaomba nijaribiwe, nikaomba tena, nikamfuata mpaka kwenye ngazi. Mwishowe akanipa onyesho la msiba, Alhamisi. Anataka uwanja, turubai, viti, jeneza, picha ya marehemu na waombolezaji wa kutosha. Akasisitiza niripoti serikali ya mtaa na niwaambie majirani wote, nyumba kwa nyumba, kwamba ni filamu. Alisisitiza sana hapo. Nadhani anapenda kujirudia kwa sababu ya ile kazi ya chai.

Anaeli sijamwambia. Akijua atataka lionekane na bega la pili.

Jumatano, 4 Septemba

Uwanja nimepata. Nyuma ya ghorofa letu la Mchafukoge, ninapoishi chumba cha uani kwa Kaka Aaron. Turubai na viti vimetoka kwa rafiki yangu wa Jangwani. Jeneza nimeazima kwa fundi, akanisihi lirudi bila mkwaruzo maana lina mwenyewe. Sikuuliza zaidi.

Kasheshe ni waombolezaji. Wa kulipwa wana maneno! Mmoja anataka nauli, mwingine anataka chakula, wa tatu anauliza kama atakuwa na mistari ya kusema. Msiba gani wenye mistari?

Nikakaa juu ya ndoo nikafikiri. Ndipo likaja. Mjini hapa ukifunga turubai na kupanga viti, kuna mtu anauliza? Watu wanakuja wenyewe, wanakaa, wanainamisha vichwa. Bure! Na wanalia vizuri kuliko waigizaji, wana mazoezi ya miaka. Kwa hiyo serikali ya mtaa sijaenda. Majirani sijawaambia. Shemeji Matilda, mke wa Kaka, anashinda Mchikichini kwenye viatu vyake vya mtumba mpaka jioni. Akirudi tutakuwa tumeshafagia.

Kuna watu wamesomea haya mambo Ulaya na hawajawahi kuwaza hivi.

Alhamisi, 5 Septemba

Naandika nikiwa stoo, katikati ya marobota ya mapazia. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi ilianza vizuri. Kamera imesimama kwenye miguu yake, jeneza limekaa mezani. Tatizo dogo tu, mwigizaji anayecheza marehemu hakuleta picha yake. Nikakimbia dukani nikaishusha ukutani ya Kaka Aaron, ile ya suti, yenye fremu ya dhahabu. Nilikusudia kubadilisha picha ya ndani. Fremu imepigwa misumari kwa nyuma. Nikasema basi, nani msibani anamwangalia marehemu? Watu wanaangalia jikoni. Nikaizungushia maua ya plastiki, ikapendeza.

Wa kwanza kutokea alikuwa Bi Tatu wa ghorofa ya chini. Akaona turubai, akasogea, akaona picha, akashika mdomo. Akaniuliza imekuwa lini. Swali hilo sikuwa nimelitayarisha. Na kamera inazunguka! Nikainamisha kichwa tu. Bi Tatu akachukua hilo kuwa jibu.

Kufumba na kufumbua, masufuria. Kuni. Mikeka. Kina mama wanachambua mchele. Wafanyabiashara wa mtaa wetu mzima wakafunga maduka wakaja, hata wale ambao Kaka hasalimiani nao. Simu ya Kaka, ambayo huizima akiwa Uchina, wanaipiga, haipatikani, wanazidi kulia. Theopista akaninong'oneza kwamba tangu aanze kazi hajaona waombolezaji wa namna hii, nimewatoa wapi. Nikamjibu ni mambo ya kujuana. Ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote maishani mwangu.

Kisha akaja Anaeli. Akaiona picha. Miwani ikaanguka, yeye akafuata. Akagaagaa mpaka kwenye miguu ya kamera. Nikajua amepata habari za filamu, anataka kuniharibia. Nikamwinamia nikamwambia apunguze kidogo. Akanikumbatia miguu, akauliza kwa nini nimemficha.

Ndipo nikajua Anaeli haigizi.

Mara akaingia Mzee Heriel, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Marangu waishio Dar. Anatufahamu tangu tukiwa tunatambaa. Nikamwamkia shikamoo, hakuniitikia, alinikumbatia. Coaster, basi dogo la kusafirisha msiba, ameshaipata. Nyumbani ameshawajulisha, kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, wameshaanza kuchimba kaburi. Akanilaumu kidogo kwa kununua jeneza bila kuishirikisha kamati, tena fupi, wakati Aaron ni mrefu. Nikaona sasa basi, nikamwambia ukweli wote. Mzee, hii ni filamu. Kaka yuko hai, yuko Uchina. Akanipigapiga mgongoni, akaagiza niletewe maji. Akawaeleza wenzake kwamba uchungu ukizidi mtu huongea hivyo, wasiniache peke yangu.

Wakanishika huku na huku. Nikawa nalishwa uji.

Halafu Shemeji Matilda. Alishuka kwenye bodaboda, mkononi ana kiatu kimoja cha mteja, cha kike, chekundu. Watu walimpisha. Alifika mpaka kwenye jeneza, akakiweka kile kiatu juu yake, taratibu, kama mtu asiyejua tena vitu huwekwa wapi. Akanigeukia.

“Wilbert,” alisema. “Mbona hukunipigia?”

Nikasema shemeji, hayumo humu, ni filamu. Hakunisikia, au hakunielewa. Akafunua mfuniko mwenyewe. Ndani kulikuwa na nyaya za fundi sauti na chipsi mayai zake. Akazitazama. Kisha akanizaba kofi ambalo shavu bado linalihesabu.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Niliona aibu. Nilipomwona anakiweka kile kiatu, kabla ya lile kofi, nililia, na sikuwa naigiza.

Theopista akasema kata. Akauliza yule dada ni nani, anamtaka awe mhusika mkuu.

Ijumaa, 6 Septemba

Theopista amejua sikumwambia mtu. Amenisema mpaka nikawa mdogo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameniamuru nipite kila mlango kuomba radhi. Nimepita. Wengine walifurahi Kaka ni mzima, wakanikumbatia. Wengine walikasirika kwamba ni mzima, maana walikuwa wamefunga duka siku ya wateja. Bi Tatu aliniambia ataendelea kunisalimia kwa ajili ya Mungu tu.

Marangu wamepiga simu. Kaburi lilishakamilika, na wazee wamesema kaburi halifukiwi tupu, kwa hiyo wametia mgomba. Wanataka kuongea na Aaron. Yuko angani.

Shemeji haongei nami. Tunatumia jiko moja, lakini akitaka chumvi anamtuma Bi Tatu aje aniambie.

Hata hivyo, tukitazama kazi kama kazi, onyesho lilifana.

Jumamosi, 7 Septemba

Mpango: niwahi uwanja wa ndege, nimfikie Kaka kabla hajawasha simu.

Foleni. Nilipofika, Anaeli alikuwa ameshamkumbatia na analia upya. Simu ilishawashwa. Kaka alikuwa amesimama katikati ya mabegi yake anasoma salamu za pole za kifo chake mwenyewe. Pembeni, mfanyabiashara mmoja wa vitenge aliyekuja kupokea mgeni alimwona, akaacha toroli akatoka mbio.

Njia nzima alisoma salamu zake. Nilijaribu kumweleza kuhusu soko la filamu. Tulipofika nyumbani Shemeji alimshika uso kwa mikono miwili, akaenda kumpikia, hakuniangalia. Baada ya kula Kaka alisema anataka kuiona hiyo filamu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya kanisa Theopista alikuja na kompyuta yake. Tukakaa sebuleni: Kaka, Shemeji, Anaeli, Mzee Heriel, na mimi kwenye kigoda karibu na mlango.

Kaka alitazama mtaa mzima unavyomlilia. Akamwona jirani yake wa mashuka, ambaye hawajasemeshana tangu ugomvi wa kibaraza, amekaa chini anafuta machozi na sampuli ya mto. Akawasikia wakisimulia jinsi alivyowaazima stoo wakati wa mvua. Akamwona Shemeji anaweka kile kiatu. Hapo akaomba arudishiwe, na arudishiwe tena. Akamshika Shemeji mkono mbele ya Mzee Heriel, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Machozi yakamlengalenga.

Nikajua nimepona! Ni nani mwingine Kariakoo aliyewahi kupewa zawadi kama hii? Nikaanza kufikiria rangi ya kupaka duka jipya.

Kisha Kaka akanyoosha kidole, akaomba picha isimamishwe. Anaeli yuko chini anagaagaa. Nyuma yake, pembeni, kuna mtu amesimama mbele ya kiti chenye sahani ya ubwabwa. Mkono mmoja anatafuta nyama, mwingine anawapungia kina mama wa mstari wa pili wapandishe sauti.

“Huyu ni nani?” Kaka aliuliza.

Nikaeleza kwamba mtayarishaji hana muda wa kukaa, lazima ale amesimama. Theopista aliangalia dari. Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akazilaza kwenye kiganja cha Anaeli. Mimi akaniambia Jumapili ijayo nipande basi kwenda Marangu, nikawapigie wazee magoti mbele ya ule mgomba, na nisirudi mpaka waseme basi.

Anaeli akavaa miwani. Ndani ya nyumba!

Jumatano, 11 Septemba

Nimetafakari sana. Nimekubali makosa yangu, na mtu akikubali makosa yake anakuwa mwepesi.

Kosa lilikuwa msiba. Msiba unahuzunisha watu, lazima wakasirike baadaye. Harusi je? Nani aliwahi kuzabwa kofi kwa kualika watu harusini? Na Theopista alipita juzi kununua shela la dirishani, lile pazia jepesi, akataja kwamba anahitaji onyesho la harusi Jumamosi na kwamba ameshatafuta mtayarishaji mwingine. Nitampelekea harusi iliyokwisha kuiva, tuone atamkumbuka nani.

Uwanja upo. Turubai bado halijarudi Jangwani. Bwana harusi nimemweka Anaeli, hana mke, na anashinda duka jipya mchana kutwa, hatajua lolote. Picha yake ya kuweka kwenye kadi ninayo. Bibi harusi nimemweka Nice, binti wa Mzee Heriel, kwa kuwa picha yake ilikuwepo kwenye simu ya Shemeji na ametabasamu vizuri.

Na safari hii nimefuata maelekezo ya Theopista kikamilifu. Nimewajulisha watu wote. Kadi nimegawa mtaa mzima, kuanzia kwa Bi Tatu. Suala la kamera sikuliandika, nafasi kwenye kadi ilikuwa ndogo. Marangu nimewatumia ya kwao kwa basi la jana, kwa heshima, wasije wakasema wamechelewa kuambiwa. Wanakuja wote, kwa hiyo sioni tena sababu ya mimi kwenda.

Asubuhi hii wamepiga simu. Wamefurahi sana. Pombe ya mbege imeshapikwa.