Idara Yazipiga Marufuku Asidi Amino

Idara ya Usalama wa Vitu inayo furaha kuutangazia umma kwamba asidi zote hatari zimedhibitiwa. Mimi, Katibu wa Mkurugenzi, nilishuhudia kila hatua, na nasimulia kwa fahari.

Mkurugenzi alikuwa akikagua ghala alipoona maboksi ya dripu za lishe za hospitali, yameandikwa "asidi amino". Asidi alikuwa akiijua: ya betri ya gari iliwahi kumtobolea suruali mbele ya wageni. Akaamuru maboksi yafungiwe.

Mtunza ghala, mzee mpole, akaomba kusema. Mjukuu wake alizaliwa kabla ya siku zake, tumbo lake halijayaweza maziwa, na wodini walikuwa wakizisubiri dripu hizo zimlishe. Mkurugenzi alimpa pole, kisha akaunda kamati.

Tukamwita mkemia wa maabara, mama asiyependa kuzungushwa. Alieleza kwamba katikati ya asidi amino kuna kaboni iliyoshikwa na vitu vinne: haidrojeni, kundi la kaboksili lenye tabia ya asidi, kundi la amino lenye tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, na mkia unaotofautisha aina moja na nyingine. Ndani ya maji, upande wa asidi hutoa chembe ya haidrojeni na upande wa amino huipokea, kwa hiyo haiunguzi mtu. Zikishikana mnyororo, ndiyo protini.

Kamati ilishtuka. Uzoefu wetu katika kupokea ni mkubwa, lakini kutoa lilikuwa jambo geni.

"Kwa hiyo ni asidi au siyo?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni asidi na ni besi, mheshimiwa. Zote kwa pamoja."

"Ndumilakuwili, basi. Zichague upande."

Tulizipa muda wa kutosha. Hazikujibu. Mkurugenzi akasaini amri niliyoiandika mwenyewe: chochote chenye asidi amino kilichomo ghalani kisitoke mpaka kamati ithibitishe kwa kibali kwamba asidi amino hazina madhara.

Mzee aliisoma amri taratibu, akamuuliza mkemia zinapatikana wapi kwingine. Akaambiwa: kwenye nyama, maharage, nywele, kucha, ngozi. Mzee akashukuru.

Mchana Mkurugenzi aliingia ghalani kukagua ulinzi. Alipogeuka kutoka, alikuta mlango wa wavu umefungwa na mzee amesimama upande wa pili.

"Samahani sana, mheshimiwa. Una nywele."

Mkurugenzi akapapasa upara wake. "Sina hata moja."

"Una kucha."

Niliamriwa nifungue. Kwa masikitiko nilimkumbusha kwamba amri yake haikuacha upenyo wowote, nikampongeza kupitia wavu.

Mkemia alipofika, Mkurugenzi alipendekeza kibali cha kumtoa yeye peke yake. Mama akamuuliza asidi amino zake zina tofauti gani na za kwenye maboksi.

"Za kwangu zimechagua upande?" Mkurugenzi akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana. Ndiyo maana uko hai."

Mkurugenzi alisaini kibali kwa niaba ya kamati, akiwa amekiegemeza ukutani: asidi amino hazina madhara, zote ziruhusiwe. Mzee alifungua kufuli, akaita wapakizi, na yeye mwenyewe akabeba boksi la kwanza kulipeleka kwenye gari la hospitali.

Mkurugenzi akataka kupita. Mzee akamwomba radhi kwa adabu zote: kwa utaratibu wa ghala, kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka.

Maboksi yalikuwa mengi.