Mrija wa Punje Usiguswe

Jumatatu, 3 Juni
Matroni katangaza! Wodi yetu ya watoto wachanga itapata kiongozi wa mirija. Atateuliwa muuguzi ambaye mrija wa mtoto wake umekaa salama. Cheo changu hicho. Nani mwingine? Bi Sabuni, mwenzangu anayenawa hadi viwiko kabla ya kusalimia? Thubutu! Mimi nina Punje, kazaliwa kabla ya siku zake, hajai viganja viwili. Mrija mwembamba umeingilia mkononi ukafika karibu na moyo, ndio unaomlisha. Hauna doa. Nimeamua: utakaa kuliko mirija yote.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Punje anamaliza maziwa yote ya mama yake, wala hatapiki. Daktari kauliza, kama kila asubuhi, iwapo mrija bado una kazi. Nikakunja uso kitaalamu. Nikasema haraka haraka haina baraka, tumwangalie kidogo. Kakubali! Bi Sabuni kaninong'oneza kwamba mrija usio na kazi ni mlango ulioachwa wazi. Wivu tu. Nikasugua kizibo kwa spiriti, nikangoja kikauke. Matroni alipopita nikasugua tena.

Jumatano, 5 Juni
Plasta ya Punje imeinuka pembeni. Kuibadilisha kunataka watu wawili, vifaa safi, utulivu. Na wa pili zamu hii ni nani? Bi Sabuni! Akiuona tu mrija ataanza wimbo wake. Nikabandika plasta nyingine juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa nimeziba.
Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akaweka kikombe chini.
"Mume wangu, huo mrija ni wa mtoto au ni wako?"
Nikaomba chai zaidi.

Alhamisi, 6 Juni
Mama yake Punje alikuwa amempakata kifuani. Akauliza mbona mkono umekuwa mwekundu. Bi Sabuni kafika, kanawa (bila shaka), kabandua plasta. Chini yake akakuta plasta. Akanitazama, kisha akamwita daktari. Jicho lile ndilo lililoniuma.
Daktari kautoa mrija palepale, damu ikapelekwa maabara. Mama akanigeukia mimi, si mwingine.
"Mwanangu atapona?"
Niliogopa kweli. Nilikaa kando ya inkubeta hadi zamu ikaisha, na muda wote huo cheo sikukikumbuka hata kidogo.

Jumamosi, 8 Juni
Damu ni safi! Ilikuwa ngozi tu, na wekundu umepungua. Punje kanywa maziwa, kapiga na mwayo. Nilitoka nje kufuta macho. Vumbi.
Mama yake kamkumbatia Bi Sabuni. Matroni naye kampa cheo. Halafu kaniita ofisini, kanisema hadi masikio yakawaka moto. Kwa ufupi: mrija salama ni ule unaotolewa mara kazi yake inapokwisha.
Si angesema mapema! Kumbe mashindano ni ya kutoa! Mwezi ujao anateua msaidizi wa Bi Sabuni, na safari hii sikubali kuachwa nyuma. Kwenye kitanda cha dirishani kuna kichanga, hata maziwa hajaanza, mrija wake umewekwa leo mchana. Kesho asubuhi nitamwahi daktari nimwambie utoke, kabla Bi Sabuni hajamaliza kunawa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.