Muungwana Hangoji Kutolewa

Jumatano, 9 Julai
Jumapili timu yetu ya kriketi ya Rockville, hapa Marekani, inacheza na Woodbridge. Baada ya mechi tunachagua nahodha. Lazima niwe mimi! Mpinzani ni mmoja tu: Simiyu, Mkenya wa Bungoma, anayehudumia wazee kwenye makao yao. Anapiga mpira vizuri, nakiri. Lakini hana ukoo. Babu wa babu yangu alikuwa liwali. Mke wangu Mahfudha anasema liwali wa wapi, babu aliuza urojo Darajani, Unguja. Husuda tu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimesoma mtandaoni habari za malodi wa Kiingereza, mabwana wa ukoo, wa enzi za Malkia Viktoria. Hao ndio wachezaji! Hawakuchukua malipo. Mazoezi waliwaachia walalahoi. Na hili sasa: lodi akijua mpira umegusa gongo lake la kupigia kabla ya kudakwa, alitoka mwenyewe bila kumngoja mwamuzi. Watu wakamvulia kofia! Basi, nimepata dawa. Jumapili nitajitoa. Uungwana ni vitendo, na kura zitafuata.

Jumamosi, 12 Julai
Sikwenda mazoezini. Nimejifunza kutembea, jikoni hadi sebuleni: kidevu juu, gongo kwapani, uso wa huzuni ya heshima. Binti yangu Fathiya akauliza kwa Kiingereza kama mgongo unaniuma. Nimenunua mkanda wenye kishikizo kikubwa cha shaba, wa kilodi. Mahfudha ananiita lodi lofa.

Jumapili, 13 Julai
Sijui nianzie wapi.
Tulibaki wawili wa mwisho, mimi na Simiyu. Mikimbio miwili tu tushinde. Mmoja akitoka, mechi imekwisha. Mpira ukaja. Ta! Mdakaji nyuma yangu akaudaka, Woodbridge nzima ikapiga kelele. Mwamuzi Ndirangu akatikisa kichwa: sijatoka.
Saa yangu hiyo! Gongo kwapani, kidevu juu, nikaondoka. Polepole, wanione vizuri.
Simiyu akapaza sauti: “Mzee, unaenda wapi? Mpira umegonga mkanda, si gongo! Rudi, bana!”
Nikajitazama. Kishikizo cha mkanda kimebonyea. Lakini nilikuwa nimeshafika nusu ya njia, na watu wote wananitazama. Nikaendelea.
Woodbridge walinishangilia sana. Mmoja alinikumbatia. Wetu walikuwa wanatazama nyasi.
Simiyu kapata kura zote isipokuwa moja. Hiyo moja naijua. Nimeumia, sisemi uongo. Nilikitaka cheo kile kuliko nilivyowaambia watu. Tena ni Simiyu aliyenirudisha nyumbani kwa gari lake, akanibebea mkoba mpaka mlangoni. Mahfudha akamkaribisha biriani, akampakulia yeye kwanza.

Jumatatu, 14 Julai
Nimetafakari, kosa nimeliona. Nilichelewa! Ningeondoka kabla mpira haujafika, nani angeuliza habari za mkanda?
Jioni Simiyu alipiga simu. Akaanza kwa heshima: shikamoo, mzee, nilikuwa nataka tuzungumze kuhusu wewe na mechi ijayo. Nikajua ananitema. Nikamuwahi! Nikamwambia asijisumbue, nimeshajitoa mwenyewe.
Akasema alikuwa anataka niwe naibu wake.
Nimemjibu muungwana hali matapishi yake. Mahfudha amekaa chini, kashika kichwa. Hajui siasa huyu. Kura za mwakani nimeshazichukua.