Nusu Saa ya Clem

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2004
Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Lindsay Huggett, mwenye bucha na mwenyekiti wa klabu yetu ya tufe, mchezo wa wazee wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, ametangaza habari mbele ya watu wote huku akitafuna soseji. Mjane wa marehemu Perce Nankivell alikuwa akisafisha banda la mumewe. Kakuta mkebe wa filamu. Juu yake kumeandikwa: Nusu Saa ya Clem, Alhamisi, 14 Oktoba 1965.

Klabu nzima ikageuka kunitazama mimi. Wakapiga makofi!

Humu ndani sina sababu ya kudanganya, kwa hiyo naandika. Kwa miaka thelathini na tisa nimewaambia watu wa mji wetu wa Ballarat, hapa Australia, kwamba usiku ule niliimba kwenye runinga. Mubashara, bendi nzima nyuma yangu, wimbo wa mwisho kabla mwendesha kipindi, Clem Barlow, hajaaga watazamaji. Sikuimba. Kazi yangu pale kituoni ilikuwa kushika kibao kilichoandikwa PIGENI MAKOFI. Nilikishika vizuri sana, lakini nani angeniuliza habari za kibao?

Mke wangu Thelma, Mungu amrehemu, alinikubali kwa ajili ya wimbo ule. Alikufa akiuamini.

Siku zile hakuna aliyehifadhi kitu. Kipindi kilikwenda hewani kikaishia hewani, kama mvuke wa birika. Nilijua niko salama. Kumbe Perce, fundi mitambo, alikuwa akiweka kamera yake mbele ya kioo cha runinga na kurekodi. Mtu hatari sana yule, na alionekana mpole.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi saa nane mchana, klabuni. Merle Pascoe, katibu wetu, hakupiga makofi. Alinitazama tu. Merle aliimba kweli usiku ule, yeye na mdogo wake Noreen, nyimbo tatu. Miaka yote hii husema, ajabu Des, mie nilikuwepo na sikukuona. Nami humjibu, wewe ulikimbilia basi la mwisho, ungenionaje?

Nimejitolea kuitunza filamu. Merle akapinga. Akasema heri wampe paka alinde samaki. Lindsay akamwambia aache wivu, nyota ni Des. Mkebe ninao mimi.

Jumanne, tarehe 3 Agosti
Mpango ni rahisi. Nakata dakika mbili za mwisho kwa mkasi wa cherehani wa Thelma. Nasema zilioza bandani. Nani atabisha?

Nimeazima projekta ya klabu. Nimetundika shuka katika chumba cha kufulia, nimefunga pazia. Baridi ya kukata masikio. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Utaratibu wa kipindi naujua kwa moyo, maana kila makofi niliyaita mimi. Mbwa wa kucheza dansi. Vichekesho vya Clem. Akina Pascoe, nyimbo tatu. Bendi. Kwaheri.

Mbwa wakaja. Clem akaja. Dada wale wawili wakaja na magauni yao yanayofanana, Merle miaka kumi na tisa, Noreen kumi na sita. Mama weee, sauti zile! Nilikuwa nimesahau jinsi wimbo unavyokuwa pale mwimbaji anapojua hakuna kurudia. Merle aliteleza kidogo kwenye ubeti wa pili, Noreen akamdaka kwa sauti ya juu, wakacheka, wakaendelea. Siku hizi hakuna anayeruhusu kosa zuri kama lile libaki.

Nikashika mkasi. Nikangoja kwaheri.

Kwaheri haikuja. Clem akasema, na sasa, kijana wetu Desmond Trewin!

Nikatoka mimi.

Mimi! Suti ya buluu ambayo sijawahi kuwa nayo. (Filamu haina rangi. Najuaje ni ya buluu? Najua, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia watu.) Nikaimba. Sauti yangu, lakini nzuri. Nilipomaliza nikainama, kisha nikatazama moja kwa moja ndani ya chumba cha kufulia.

Mkasi ulinianguka mguuni. Nililia, na si kwa sababu ya mguu.

Labda niliimba kweli. Labda nilisahau. Mtu hula pigo la kichwa akasahau. Sikumbuki kupigwa kichwani, jambo ambalo linathibitisha.

Ajabu moja tu: akina Pascoe waliimba nyimbo mbili. Ningeapa zilikuwa tatu. Basi, uzee.

Jumatano, tarehe 4 Agosti
Nimekwenda buchani nikitembea kama jogoo. Lindsay akauliza, vipi nyota, umeichungulia? Nikasema kidogo. Akauliza ni wimbo gani ule niliouimba. Nikasema, upi? Ziko mbili.

Ulimi hauna mfupa. Uongo ule haukutoka kwa nia mbaya. Ulitoka kwa furaha.

Nikarudi nyumbani, nikaiwasha tena.

Ziko mbili.

Wa pili ni wa taratibu, nimekaa juu ya kiti kirefu, mguu mmoja chini. Mbwa wamekatizwa katikati ya dansi. Na akina Pascoe wameimba wimbo mmoja tu. Noreen anafungua mdomo, sauti haitoki. Ya Merle inasikika, ya mwenzake hapana. Nimeongeza sauti mpaka spika ikakwaruza. Hapana.

Kipindi cha mubashara ni nusu saa. Clem alikuwa akituimbia hilo kila wiki: akizidisha mmoja, mwingine anakatwa. Saa haina huruma wala haina mpira wa kuvutika.

Nimekunywa chai nne.

Pembeni ya picha, chini, kuna vidole vimeshika kibao. Vyembamba. Si vyangu.

Alhamisi, tarehe 5 Agosti
Mtu mwenye akili hufanya majaribio. Nilisimama jikoni nikasema kwa sauti: niliimba nyimbo tatu! Nikatazama filamu. Hakuna kilichobadilika. Nikafurahi, nikajiita mjinga.

Saa tano simu ikalia. Mwanamke anauza sufi ya kuzuia baridi kwenye paa. Nikamwambia sihitaji, mimi ni msanii, niliimba nyimbo tatu mfululizo kwenye runinga mwaka sitini na tano. Akasema hongera mzee wangu, na dari je?

Nikaenda kutazama.

Nyimbo tatu. Lazima awepo msikilizaji, kumbe. Lazima mtu apokee.

Mbwa hawapo. Na Noreen hayupo. Merle anaimba peke yake, amesimama upande wa kushoto, ameacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwake. Kila mwisho wa mstari anageukia nafasi ile na kungoja. Anangoja kitambo kile kile cha mtu wa pili kuitikia. Kisha anaendelea. Uso wake sitaki kuuandika.

Noreen alikufa mwaka uliofuata, gari lilipinduka naye nje ya mji. Hakuna mkanda wake, hakuna sahani ya santuri. Filamu hii ndiyo pekee.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika, limeandikwa. Kesho nakwenda kwa Merle kumwambia kila kitu: kibao, uongo, vyote. Kama maneno yaliiharibu, maneno yataitengeneza. Nimepiga moyo konde.

Suti imenikaa vizuri sana lakini.

Ijumaa, tarehe 6 Agosti
Saa tisa alasiri nimebisha kwa Merle na keki za nazi mkononi. Alinitazama, akatazama keki, akauliza nani kafa.

Akanikaribisha jikoni. Juu ya meza alikuwa ametandaza magauni mawili ya kijani, aliyoyashona mama yao kwa ajili ya Clem. Moja kubwa, moja dogo. Anayapiga pasi ayalete kesho, ayatundike karibu na pazia la filamu.

Nikasema, Merle, nina jambo. Akasema nami ninalo, nianze mie, nisije nikaghairi.

Akaniambia kwamba sauti ya Noreen imempotea. Kicheko anakikumbuka, hata jinsi alivyokuwa akigombania kitana. Lakini sauti ya kuimba ilimtoka kichwani miaka mingi iliyopita, na amekuwa akiona haya kumwambia mtu, maana dada gani husahau? Tangu Jumatatu halali. Anangoja ubeti wa pili. Alikosea pale, na Noreen akamdaka. Akiusikia mara moja tu, akasema, atakufa ameridhika.

Kisha akanishika mkono. Merle Pascoe! Akasema amekuwa mkali kwangu bure, miaka thelathini na tisa ya kunichoma maneno, na mtu akizeeka aseme samahani. Niambie kweli Des, uliimba?

Hakuna aliyewahi kunitazama vile tangu Thelma. Macho yake yalikuwa na maji. Yalikuwa tayari kuamini.

Nilifungua mdomo kusema nilishika kibao.

Nikasema, niliimba kipindi chote, Merle. Watu walisimama.

Sijui. Sijui! Ilitoka yenyewe.

Akatabasamu. Akanimiminia chai nyingine. Nikanywa. Nini zaidi ningefanya?

Jumamosi, tarehe 7 Agosti
Watu arobaini. Soseji, vipande vya mkate, bahati nasibu ya trei ya nyama. Asubuhi sikuwa nimethubutu kutazama filamu. Nilimpa Lindsay mkebe kama mtu anayekabidhi nyoka.

Taa zikazimwa.

Clem akatokea, nywele zinang'aa mafuta. Akasema, usiku wa leo, mabibi na mabwana, hatuna mbwa, hatuna mzaha, tunaye mtu mmoja tu.

Nusu saa nzima. Nyimbo kumi na moja. Na lazima niseme kweli, kwa kuwa humu nasema kweli: nilikuwa mzuri mno. Bendi ilinifuata kama kivuli. Mwanamke mmoja nyuma alikuwa akilia. Lindsay alinipiga mgongoni mpaka meno ya bandia yakacheza.

Kamera ikavutwa nyuma, ukaonekana ukumbi wote. Pembeni, mwenye kibao. Msichana wa miaka kumi na sita, gauni jepesi, nywele zimechanwa vizuri. Anainua PIGENI MAKOFI, anashusha, anainua. Hatazami watazamaji wake. Ananitazama mimi, si yule wa jukwaani, bali mimi wa kiti cha tatu. Midomo yake inacheza. Anaimba. Hakuna sauti.

Ukumbi wetu wa klabu ukapiga makofi kila alipoinua. Kila mara. Hakuna aliyeonekana kujua kwa nini.

Taa zilipowashwa nilimkimbilia Merle kabla sijapoteza ujasiri. Alikuwa akipiga makofi. Nikamwambia nisamehe, nisamehe kwa ajili ya Noreen.

Akauliza, Noreen nani?

Nikadhani ananitesa. Nikasema, mdogo wako! Akacheka, akasema Des, sifa zimekupanda kichwani, mie kwetu nilizaliwa peke yangu. Akasema laiti naye angewahi kuimba kwa Clem, alikuwa na sauti siku zile. Lakini kuimba peke yake hakupendi, hajui kwa nini, huhisi kama amesimama kwenye upepo.

Magauni je? Akashangaa nimejuaje. Kweli leo asubuhi alikuta magauni mawili mezani, moja dogo, la mtoto wa nani sijui. Hilo dogo kalipeleka duka la mitumba la kanisa.

Akaenda kuosha vikombe. Nilimsikia akivuma wimbo huku anaosha. Sauti ya chini tu. Mwisho wa kila mstari alinyamaza, maji yanatiririka, akangoja, akaendelea.

Nimeshinda trei ya nyama.

Jumapili, tarehe 8 Agosti
Nimekwenda duka la mitumba. Limefungwa, ni Jumapili. Nimesimama dirishani nusu saa nikitafuta kitu cha kijani.

Nimeapa. Nimeweka mkono juu ya picha ya Thelma na nimeapa: sisemi uongo tena, hata mdogo, hata wa heshima. Uongo hula watu. Nimeona kwa macho yangu. Kesho nalinunua lile gauni, nampelekea Merle, namwambia jina la mwenye nalo kila siku mpaka mmoja wetu afe. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa. Nimekaanga nyama.

Saa kumi Rhonda, binti yangu, akapiga simu kutoka Perth. Habari za filamu zimemfikia. Amejaa fahari, maskini. Akasema naye ana jambo la kunishangaza: shangazi yake amemtumia filamu ya arusi yetu. Hatukujua kama ipo! Dakika saba tu. Mama yuko humo, akasema, anacheza dansi na anacheka, baba, unamwona hata jino lake lililopinda. Ndiyo picha pekee ambamo mama anatembea. Jioni anawaonyesha wajukuu, hawajawahi kumwona bibi yao akiwa hai.

Thelma anatembea.

Rhonda akauliza, na wewe uliimba siku hiyo, sivyo? Wajukuu wanataka kujua.

Nilikumbuka kiapo, naapa nilikikumbuka. Nikasema, wimbo mmoja tu, mwanangu. Mfupi. Nilipiga hesabu haraka: dakika moja na nusu. Thelma anabaki na tano na nusu, na hiyo si haba.

Akacheka, cheko la mama yake kabisa. Akasema ah baba, mmoja tu? Mtu kama wewe, siku ya arusi yako?

Nikasema nne.