Nani Atalibatiza Bawa la Chini?

Mheshimiwa Kanali mwakilishi wa Jeshi, ambaye ameleta udhuru, Baba Padri, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Ndege, wa Kamati Ndogo ya Propela na wa Kamati Teule ya Kusimamia Kamati, baba na mama wa ubatizo wa vipande vyote, na ninyi wananchi wa San Melquíades mliosimama juani kwa sababu viti vimeishia kwa waheshimiwa: nawasalimu! (Makofi. Tarumbeta moja inachelewa.)

Mimi, Ponciano Urrutia, meya wenu kwa muhula wa tatu mfululizo bila mpinzani aliyebaki mjini, nasimama mbele yenu leo, mwaka huu wa 1931, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa mchakato wa kuipatia nchi yetu ya Meksiko ndege ya kufundishia marubani wa jeshi, yenye viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma akimfokea, na mabawa manne, mawili juu na mawili chini, ndege ambayo upembuzi yakinifu umeonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wananchi wanaipenda, na asilimia tatu ni Doña Hermelinda. (Vicheko.)

(Doña Hermelinda, mjane aliyetoa shamba lake liwe uwanja wa ndege, anapaza sauti: "Don Ponciano, wingu lile pale! Msimu wa pili huu sijapanda hata punje. Nipande mahindi au nisipande?")

Swali zuri sana, mama, na litashughulikiwa kwa wakati muafaka. Sasa, kama ilivyo desturi yetu, kitu hakibatizwi bila wazazi wa ubatizo, na mimi kwa hekima yangu niliagiza kila kipande kipate mzazi wake. Propela tukampa daktari. Magurudumu wakapewa mapacha wa Ordóñez. Bawa la juu kushoto akapewa kinyozi, Don Abundio, na la juu kulia mwalimu mkuu. Mpaka hapo mambo shwari. (Kinyozi anainama, anapigiwa makofi.)

Tukafika mabawa ya chini. Lo! Don Fulgencio wa duka la dawa akaruka: "Mimi? Nikae chini ya kinyozi? Huyu aliyenikata sikio?" (Sauti ya kinyozi: "Ulitikisika mwenyewe!") Tukamwendea mwokaji mikate, akafunga mlango. Tukamwendea mchimba makaburi, naye akasema ana heshima zake. Vikao kumi na tisa, ndugu zangu! Ndipo nikabuni suluhisho la kimkakati: tukaliandikia Jeshi litupatie ndege ileile, ila mabawa yote manne yawe juu. Jeshi limejibu kwa mstari mmoja ambao, kwa sababu za kiusalama, sitausoma. (Radi kwa mbali.)

("Don Ponciano! Wanangu watakula propela?")

Subira, mama. Hitimisho! Semeni nami: Mabawa ya juu! (Umati: "Juu!") Mabawa ya chini! (Mtu anakohoa.) Basi, tumeelewana.

Sasa shukrani. Namshukuru Baba Padri kwa maji ya baraka. Nawashukuru akina mama wa Chama cha Rozari walioshona mashuka yaliyoifunika ndege yetu hapa nyuma yangu. (Upepo wa mvua unanyanyua mashuka.) Na kwa kuwa upepo hauna adabu, namshukuru pia Don Eusebio aliyetuazima mkokoteni na ngazi nne, mbili juu, mbili chini, maana ndege yenyewe hatukuletewa, na haitaletwa. Hata hivyo jueni kwamba ndiyo ndege pekee ya Jeshi ambayo haijawahi kuanguka. Na hata hizo ngazi, aibu gani hii, mbili za chini hazijapata mzazi! (Matone ya kwanza. Waheshimiwa wanakimbia na viti vyao.)

Doña Hermelinda, mama yangu, umeshinda. Shamba ni lako, mwaga mbegu. Ila naomba, nisikose heshima kabisa, nifanye baba wa ubatizo wa mahindi. Yale masuke ya juu.

("Ya juu nimeshampa kinyozi, Mheshimiwa. Shuka hapo, shika jembe.")

(Anashuka. Makofi ya kweli, ya kwanza siku hiyo.)