Shaba Mbili Au Kumi na Nne

Jumatatu, 1 Machi 1993
Mzee Heche, mwenzangu wa shimo machimboni, kaleta karatasi kutoka maabara ya Mwanza. Mawe yetu yamepimwa! Kiingereza kitupu cha kitaalamu. Kabla hajauliza nani asome, nikasema mimi. Nilikaa seminari mwaka mzima kabla ya kufukuzwa. Nikamwambia maneno magumu ya Kiingereza ni Kilatini kilichovalishwa suruali. Akasema haya, ila tusikosee. Mke wangu Ghati akanikumbusha kwamba hisa yetu ya shimo tuliipata kwa ng'ombe aliyepewa na bibi yake. Kana kwamba nimesahau! Kila siku anataja jina la yule ng'ombe.

Jumanne, 2 Machi
Kamusi mezani. "Vein" ni vena, mshipa. Sawa, mwamba una mishipa kama mguu wa mama mkwe. "Fe 31": ferrum, chuma. "Cu 2": cuprum, shaba. Kisha "Au 14". Hapo kamusi ya nini? Shaba mbili au kumi na nne. Mtaalamu mwenyewe hana uhakika! Ole wangu. Ghati akijua ng'ombe wake kageuka chuma, nimekwisha.

Jumatano, 3 Machi
Nimewahi! Hisa kachukua Waitara mwenye duka, anayejiona msomi kwa sababu ana miwani. Katoa baiskeli, ina kengele. Aliitazama karatasi, akaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nusura nimwonee huruma.

Ijumaa, 5 Machi
Vigelegele shimoni. Waitara kabebwa juu juu. Mwalimu Philomena kanieleza taratibu, kama mtoto wa chekechea: Au ni aurum, dhahabu. Nikamuuliza kwa nini basi hawakuandika dhahabu. Akasema nikawaulize Warumi. Ghati kapanda baiskeli, kaenda kwa mama yake kijijini Nyansurura. Nilisikia kengele mpaka ilipokata kona. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 7 Machi
Nimetubu kanisani. Nimejifunza! Siri iko kwenye vile vineno vidogo tunavyovidharau. Leo Godwin wa Issenye kaniletea karatasi ya shimo lake. Nikaisaka Au, haipo. Nikaona kubwa zaidi: "Na 61". Na! Sitini na moja, wakati Au ilikuwa kumi na nne tu! Kamusi sikuigusa, ilishaniponza. Nimempa Godwin kitanda chetu na mlango wa mbele, nikapata hisa. Nimemwandikia Ghati arudi upesi. Jiwe la shimo lake nimelionja, lina chumvichumvi. Jasho la wachimbaji, bila shaka. Hata ng'ombe wa Godwin wanajua thamani yake. Wanalamba lile rundo la mawe kutwa nzima.