Kitu Kimoja cha Kumaliza

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Koboko.

Siku ya kumi na tisa bila mke. Eyotaru bado yuko kwao Pajulu. Nimepiga simu mara nne. Ya nne kapokea kaka yake, Dramadri, akaniambia kwa upole kwamba dada yuko shambani. Upole! Mtu mpole namna ile ana jambo analificha.

Kosa langu, eti, simalizi kitu. Mimi! Fundi cherehani wa miaka kumi na sita soko la Koboko! Ni kweli gomesi, lile gauni la heshima, niliyomwahidi mama yake tangu Pasaka bado ina mkono mmoja. Ni kweli choo chetu hakina paa. Kuhusu banda la kuku sitaki kuzungumza. Lakini mwanamke mzima anafunga sanduku kwa ajili ya mkono wa gomesi?

Ndipo Dramadri, bila kuulizwa, akanitajia kwamba tarehe 20 anashiriki triathloni fupi huko Arua. Kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha mbio kilomita 5, yote kwa mkupuo. Yeye ni mwalimu wa michezo, ana viatu vya kila kitu. Nilikasirika. Nikasikia mdomo wangu ukisema hata mimi nimejiandikisha.

Halafu sauti ya Eyotaru kwa nyuma. Kumbe hilo shamba liko sebuleni! Alisema nikiimaliza, atarudi. Nikiiacha katikati kama gomesi, nisipige simu tena.

Nimekata simu. Kuogelea sijui.

Jumatano, 10 Septemba. Arua.

Nimejiandikisha. Bwawa ni la hoteli moja, urefu mita 25, kwa hiyo ni kulivuka mara thelathini. Nimeingia kujaribu. Maji puani, maji masikioni, maji mpaka nyuma ya macho. Mama mmoja mjamzito alinipita mara mbili, mara ya tatu akaniuliza kama nahitaji msaada. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Ila nimepata habari njema. Kila mshiriki anakuja na mhesabu wake, mtu wa kusimama kando na kadi na kutia alama kila unapovuka. Na mimi ninaye binamu Jale, muuza nyama. Jale hajawahi kupima kilo ikatimia. Tumeelewana: mimi navuka mara kumi na tano, yeye anatia alama thelathini. Kwa baiskeli na mbio nitajitahidi mwenyewe, mimi si mwizi.

Jumapili, 14 Septemba. Koboko.

Nguo za kuogelea za dukani ni aibu tupu. Zinabana kila kitu na kukitangaza. Nimejishonea kaptula yangu kwa bitana ya buluu iliyobaki kwenye koti la haji mmoja. Kiunoni nimetia mpira wa zamani. Imependeza. Nimeimaliza kwa siku moja, na Eyotaru hayupo kuona! Hilo linaniudhi kuliko yote.

Mpango wa pili ni Mama mkwe. Katika nyumba ile, Mama akishasema, mjadala umekwisha. Akiniona kwa macho yake nikimaliza, nani atabisha? Shida ni heshima. Mkwe hasimami mbele ya mama wa mkewe ovyo ovyo. Miaka kumi na minne namsalimia kwa kuchutama na kutazama chini, shati limefungwa mpaka shingoni. Sidhani kama amewahi kuona kiwiko changu.

Kwa hiyo nimemtumia Dramadri ujumbe: Mama aje saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa shule tutakapomalizia mbio. Asije bwawani. Saa nne nitakuwa nimeshavaa shati na suruali. Nimepanga kila kitu.

Alhamisi, 18 Septemba. Koboko.

Baiskeli nimeazima kwa Isa, mpakia magunia wa sokoni. Ina keria kubwa ya mizigo nyuma, breki ni nyayo zangu. Nimekwenda nayo Midia na kurudi. Mnyororo umetoka mara saba. Nimeitukana mpaka nikaishiwa maneno, nikaanza upya.

Nimerudi nikala muhogo wa jana, umepoa. Namkumbuka Eyotaru. Haya, nimeandika. Akija kuusoma ukurasa huu nitasema si mwandiko wangu.

Jumamosi, 20 Septemba. Arua.

Hasira! Mkono unaandika wenyewe!

Saa moja kamili tumepanga mstari majini, watu ishirini na sita. Mwamuzi ni dada mmoja anaitwa Lillian, ana filimbi na uso wa mtoza kodi. Amepuliza. Nimeogelea, kama ile ni kuogelea. Nimevuka mara sita, nainua kichwa kutafuta pumzi, naona nini? Kiti. Kimewekwa kando ya ngazi ya kutokea majini, hatua mbili tu. Na juu ya kiti, chini ya mwavuli, Mama mkwe! Eyotaru amesimama nyuma yake. Dramadri kawaleta tangu alfajiri. Baadaye alinieleza kwamba alitaka Mama afurahie tangu mwanzo, asikose kitu. Asikose kitu!

Papo hapo mpira wa kaptula ukakatika. Siongezi chumvi. Mkono mmoja nikashika bitana, mwingine nikaogelea.

Na Jale? Jale, kumbe, alijaza alama zote thelathini wakati wa chai, kabla ya filimbi, ili asisumbuke. Nimevuka mara ya nane, namsikia anapiga kelele mbele za watu: "Swadiki, toka! Thelathini iko kwisha! Toka!"

Bwawa zima limegeuka. Hata Dramadri, hodari wao, alikuwa kwenye kumi na tisa. Lillian amekuja akaichukua kadi, akaitazama, akanitazama, akaichana vipande viwili. Akauliza kwa sauti kama natoka. Maana nikitoka sasa, alisema, nimeiba na nimefukuzwa. Nikiendelea, atanihesabu yeye mwenyewe.

Jale ananiashiria nitoke. Lakini nitoke vipi? Kwenye ngazi yupo Mama mkwe. Mimi nina bitana mkononi. Wallahi ningefukuzwa kwenye mashindano yote ya dunia kuliko kupanda ngazi ile. Nikageuka nikaogelea.

Nimevuka zote thelathini. Saa nzima na dakika nne. Wenzangu wote walitoka, wakapanda baiskeli, wakaenda. Nikabaki peke yangu, mkono mmoja, naapiza kila ninapopata pumzi. Lillian anahesabu kwa sauti. Mama mkwe hajainuka.

Ya thelathini ilipofika, nimeshika ukuta ulio mbali na ngazi na kukaa hapo, maji shingoni. Lillian akasema nimemaliza. Sikutoka. Akasema tena. Ndipo Mama akafahamu. Alisimama, akafungua kitenge chake cha juu, akampa Eyotaru akiweke kando ya maji, kisha akageuza kiti na kutazama uzio. Nilimsikia akimwambia binti yake: "Huyu mutu iko na heshima. Kichwa yake ndio hapana."

Nimeendesha kilomita ishirini barabara ya Vurra nikiwa nimevaa kitenge cha Mama mkwe chenye picha za jogoo. Shati na suruali zilikuwa uwanjani, zikinisubiri saa nne. Madereva wa malori wanaopanga foleni kwenda Kongo walinipigia honi foleni nzima. Mmoja aliniuliza kwa Kiswahili cha upande ule kama harusi iko wapi.

Kwenye mbio, kilomita ya mwisho, Dramadri alirudi akakimbia nami. Yeye alishamaliza zamani, alishaoga! Aliniambia pole pole shemeji, pumua. Nilimwambia apumue mwenyewe.

Nimemaliza. Wa ishirini na sita kati ya ishirini na sita. Hema la waandaaji lilikuwa limeshakunjwa, Lillian amekaa juu yake na saa yake. Eyotaru alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifuta uso kwa mkono wake. Nilitaka kulia, nikamkasirikia Jale badala yake.

Jumapili, 21 Septemba. Koboko.

Sina mguu hata mmoja unaonisikiliza.

Dramadri kapiga simu. Mama amesema binti arudi kwake. Imebaki desturi tu: Jumatano niende Pajulu na mkubwa wa upande wetu, tukae, nikubali kosa mbele ya wazee, ninywe chai, nimchukue mke wangu. Eyotaru ameshaanza kukunja nguo.

Furaha kubwa. Lakini nimekaa nikafikiri. Hilo la kuwa wa mwisho halikubaliki. Nimekata karatasi mbili, nimeanza kuandika malalamiko kwa kamati ya mashindano.

Jumatano, 24 Septemba. Koboko.

Nimekwenda na shangazi yangu, Night Poni. Njia nzima alinifundisha neno moja: niseme nimekosa, kisha nifunge mdomo.

Pajulu walitupokea vizuri. Sanduku lilikuwa mlangoni. Eyotaru alikuwa amesuka nywele upya. Mzee Aliga, baba yake mkubwa, aliniuliza jambo moja tu: mkwe, kosa lako lilikuwa nini?

Nikachutama. Nikasema nimekosa. Nilisema kweli! Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, mtu akainuka kuleta chai.

Lakini karatasi zilikuwa mfukoni. Nikaona wazee wote wamekaa kimya, wananisikiliza, watapatikana lini tena? Nikaomba dakika mbili. Nikasoma. Jambo la kwanza, kwamba Lillian alichelewa kuanza kuhesabu, hivyo nilivuka thelathini na mbili. La pili, uzembe wa Jale. La tatu, kwamba shemeji Dramadri alinichelewesha kilomita ya mwisho kwa maneno. La nne, kwamba mtazamaji mmoja, mama wa makamo, aliketishwa kando ya ngazi kinyume cha utaratibu, akavuruga mashindano.

Nilipoinua macho, Mama mkwe alikuwa anatazama mlango. Eyotaru alisimama, akachukua sanduku, akaingia nalo ndani. Chai haikuja.

Tumerudi Koboko. Nyumba iko kimya, na mimi nina hasira na dunia nzima. Nimekaa kitandani, nimejiuliza kwa uaminifu kabisa kosa langu liko wapi. Nimeliona. Nilisoma haraka mno, lile jambo la nne hawakulielewa.

Kesho naliandika upya, kwa urefu, na nakala nampelekea Mama mkwe.